Siku ya sayansi chuoni: nendeni na watoto, ila anzeni na mabanda ya nje

Jumamosi iliyopita nimeenda na watoto kwenye siku ya sayansi ya chuo kikuu kimoja hapa Dar, ile wanayofungua maabara na madarasa wananchi tuingie bure, na nimeona niandike kwa kirefu maana wazazi wengi wananiuliza kama ni ya maana au ni kumaliza nauli tu. Jina la chuo siliandiki, kuna vitu nitavilalamikia na sitaki kijana wa watu aje asumbuliwe kwa ajili yangu. Ni ya maana, tena sana, ila sio kila banda. Pale mtoto alipoachwa ashike kitu na aulize kwa lugha yake mimi nilitamani tulale hapohapo, na pale alipoambiwa simama nyuma ya utepe nilitamani nirudishiwe muda wangu.

Tulikuwa wanne. Mimi, mwanangu wa darasa la sita, mdogo wake wa miaka saba, na mpwa wangu wa form two anayesoma shule ya kata, maabara wanayo ila vifaa ndio hivyo tena, darubini moja wanaiona siku ya mtihani. Mimi mwenyewe fizikia nimeisoma ubaoni mpaka form four, lenzi tuliichora mara mia na hatukuwahi kuishika, kwahiyo nikiri tu kwamba safari hii nilikuwa nimeitamani kuliko hata watoto.

Tumefika getini saa tatu kamili, walinzi wakatuelekeza vizuri, unaandika jina unabandikwa kikaratasi kifuani unapita, hakuna usumbufu. Shida ikaanzia ndani. Hakuna banda lililoruhusiwa kuanza mpaka mgeni rasmi ahutubie, na mgeni rasmi kafika saa nne na nusu, halafu utambulisho wa meza kuu, halafu salamu, halafu hotuba, tumekuja kuachiwa saa tano imeshapita. Kulikuwa na mabasi matatu ya watoto wa shule za msingi, wale watoto wamekaa juani masaa mawili, wengine wameshamaliza chakula walichobeba kabla hawajaona hata kitu kimoja, na saa saba mabasi yao yanaondoka. Yaani watoto wamesafiri kutoka Mbagala huko kuja kusikiliza hotuba ambayo haikuwahusu. Naomba waandaaji mnisikie kwa hili, hotuba wekeni saa tisa wakati watu wameshatembea, au wekeni ukumbini na mabanda yaendelee, asubuhi ndio muda watoto wana nguvu na akili imetulia.

Haya, tuje kwenye mazuri.

Kemia walikuwa nje chini ya mwembe na hao nawapa maua yao kabisa. Hawakuleta chupa za kutisha, wameleta juisi ya choya, wengine mnaita rozela, imepangwa kwenye vikombe vya plastiki, pembeni kuna ndimu, siki, magadi, sabuni ya unga na maji ya majivu. Mtoto anapewa kijiko anaambiwa tia unachotaka. Wa kwangu mdogo kakamulia ndimu, juisi ikawaka nyekundu kali. Kikombe cha pili katia magadi, ikageuka mbele ya macho yetu ikawa kijani ya kubluubluu, akapiga kelele mpaka watu wa banda la pili wakageuka. Kijana aliyekuwa anaelezea akawaambia ile rangi ya choya yenyewe ndio kipimo, ikikutana na asidi kama ndimu inakuwa nyekundu, ikikutana na besi kama magadi inakimbilia kijani, kwahiyo ukiwa nyumbani huna karatasi ya litmasi unaweza kupima kitu chochote cha jikoni kwa ua la juisi. Mpwa wangu akabaki anaangalia vikombe, akaniambia anti, hii tumeandikishwa kurasa mbili na sikuwa nimeielewa.

Na mimi nikauliza la kwangu, maana nimeona magadi. Nikamuuliza yule kijana, kwa nini nikitia magadi maharage yanaiva haraka? Hakushangaa swali, akasema kuna kitu kama gundi kinachoshikilia kuta za seli za maharage, kinaitwa pektini, magadi yanakilegeza ndio maana yanalainika chapchap, ila akaongeza kwamba magadi hayohayo yanaharibu vitamini B1, kwahiyo mama tia kidogo sana au loweka tu usiku kucha. Miaka yote napika maharage na hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Nilikaa pale zaidi ya nusu saa.

Kutoka hapo tukapanga foleni ya chumba cha mbu, foleni ndefu, ila msikate tamaa mkiiona. Kuna dada wa mwaka wa tatu, koti jeupe, sauti yake ilishaanza kukauka lakini kila kundi analielezea kama ndio la kwanza. Ana madishi mawili ya viluwiluwi. Anasema angalieni bila kuambiwa, tofauti ni nini? Watoto wakaangalia, mmoja akasema hawa wamelala juu ya maji na hawa wananing'inia kichwa chini. Basi, dada akapiga makofi. Waliolala sambamba na uso wa maji ndio anofelesi, wa malaria, wanaoning'inia ni kuleksi, wale wa kelele za usiku. Mbu wazima nao amewabandika chini ya kioo, anofelesi akitua anainua mkia juu, na yule mwenye madoa meupe miguuni ni aedesi, anauma mchana na ndiye wa dengue iliyotusumbua hapa Dar 2014 na tena 2019. Kumbe anayeuma ni jike peke yake, damu anaitaka kwa ajili ya mayai, dume chakula chake ni maji matamu ya maua na unamjua kwa vipapasio vyake vyenye manyoya kama unyoya wa kuku.

Halafu darubini. Kila mtoto anaangalia, hakuna kusukumana, kuna kijana kazi yake ni kuweka kiti kwa wafupi. Kioo kina damu iliyotiwa rangi, seli zinaonekana kama visahani, na ndani ya baadhi kuna vipete vidogo vya zambarau. Ndio vijidudu vyenyewe vya malaria. Mwanangu wa darasa la sita aliugua sana mwaka jana, alilazwa siku tatu, akatoa jicho kwenye darubini akamuuliza dada taratibu, hawa ndio walikuwa ndani yangu? Dada akachuchumaa akawa sawa naye kimo akamwambia ndio, hawahawa, wakishaingia wanaenda kwanza kujificha kwenye ini, wanazaliana humo wewe hujisikii chochote, halafu wanahamia kwenye seli nyekundu, wanazipasua kwa mkupuo na hapo ndio homa inapanda na unatetemeka. Mtoto hakusema kitu mpaka tumetoka nje. Huko nje akaniambia kumbe nilikuwa natetemeka zikipasuka. Mimi nilikaa naye hospitali siku zote zile na sikuwa na maneno ya kumwelezea, dada wa watu kamwelezea kwa dakika mbili.

Sasa tuingie ukumbini, na hapa naandika kwa uchungu kidogo. Ukumbi mkubwa ndio umewekewa feni, viti na vitu vya gharama, roboti, ndege zisizo na rubani, mashine za kumwagilia zenyewe, kila meza imezungushiwa utepe na karatasi ya usiguse. Vijana wamevaa suti wanasubiri majaji. Mwanangu mdogo wa miaka saba akamuuliza mmoja, kaka hii inafanya nini? Akajibiwa subiri majaji wapite. Tumesubiri, majaji wamepita, kaka akaongea Kiingereza dakika tano bila kupumua, majaji wakaandika maksi wakaondoka, na yeye akakaa chini kuchezea simu. Simlaumu sana yule kijana, maksi ndio alichoambiwa ni muhimu. Namlaumu aliyepanga siku ya wananchi na siku ya mashindano ziwe siku moja.

Na mabango. Jamani mabango! Karibu yote ya ukumbini ni Kiingereza kitupu, herufi ndogo, aya ndefu kama ripoti. Lilikuwepo moja kuhusu jinsi majani yanavyotumia mwanga wa jua kutengeneza chakula, na mwanangu hilo somo analijua, shuleni wanaliita usanisinuru na maksi zake nimeziona kwenye daftari. Kasimama mbele ya lile bango kama hajawahi kulisikia maishani. Nilipomwambia hii si ndio usanisinuru, uso ukamfunguka akaanza kunielezea yeye mimi, klorofili, hewa ya ukaa, maji kutoka kwenye mizizi, na watu wawili waliokuwa karibu wakasogea kumsikiliza. Kwahiyo kitu anacho kichwani, bango ndio lilimfungia mlango. Watoto wetu shule za serikali wanasoma sayansi kwa Kiswahili mpaka darasa la saba, wazazi wengi tuliokuja tunaelewa Kiswahili, sasa wananchi mliowaalika ni wa wapi? Sisemi mtoe Kiingereza, mpwa wangu wa form two anakihitaji kwa mtihani, nasema wekeni vyote viwili, ni karatasi moja zaidi tu.

Jiolojia walikuwa wawili tu kwenye kameza kadogo pembeni na wengi waliwapita, msiwapite. Walikuwa na tanzanaiti mbichi, ukiiona huwezi kuiokota njiani, ina rangi ya kahawiakahawia, na pembeni iliyochomwa ambayo ndio inakuwa ile bluu. Wanakuachia uigeuze mbele ya tochi, upande huu bluu, upande huu zambarau. Iligunduliwa Mererani mwaka 1967 na hakuna sehemu nyingine duniani inapochimbwa. Walikuwa na picha pia za mifupa ya Tendaguru, Lindi, dinosaria waliochimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, wapagazi wetu wakaibeba mifupa kichwani mpaka bandarini, na sasa mmoja amesimamishwa makumbusho ya Berlin akiwa na urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Mwanangu akauliza kwa nini hayupo hapa kwetu, yule mama wa jiolojia akamjibu bila kuzunguka, akasema wakati ule nchi ilikuwa mikononi mwao wakaamua wao, na mjadala wa kumrudisha umekuwepo mpaka bungeni. Nimependa hakumwambia utaelewa ukikua.

Fizikia ndio walipata mtihani wa siku. Wana lile duara la chuma linalosimamisha nywele, watoto wote wamelisubiri hilo, kwanza unyevu wa Dar ukawagomea, cheche zikawa haba, wakawa wanalikausha kwa drayer ya saluni, limeanza tu kufanya kazi binti mmoja nywele zimenyanyuka mbili tatu, umeme ukakatika. Jenereta likawashwa kwa ajili ya ukumbi mkubwa, maabara za huku nyuma giza. Nilidhani ndio basi. Lakini mwalimu wao, mzee mmoja wa makamo mwenye miwani, akawaambia vijana tokeni nje, akachukua makopo ya maziwa yaliyokuwa yametobolewa tundu la msumari chini, juu yamefunikwa karatasi iliyopakwa mafuta ya kula, na kitambaa cheusi cha kujifunika. Unaelekeza kopo kwenye mnazi, unajifunika, unauona mnazi mzima kwenye karatasi, na rangi zake, umepinduka kichwa chini! Kamera, ya kopo. Hakuna betri hakuna chochote. Mimi nimejifunika kile kitambaa mara tatu na watoto wakanisubiri.

Halafu yule mzee akatuambia angalieni chini ya mti. Kuna vile viduara vya mwanga kwenye kivuli cha majani, kila siku tunavikanyaga. Akasema kila kiduara ni picha ya jua, nafasi kati ya majani ndio tundu la kopo. Hapo nikakumbuka tarehe 1 Septemba 2016, siku jua lilipopatwa, watu walijaa Rujewa kule Mbarali kuona pete ya jua, sisi wa Dar tukapata kipande, na nakumbuka kabisa chini ya mkorosho wetu vile viduara vyote vilikuwa vimegeuka vijimwezi, mamia, nikaogopa nikawaita majirani na hakuna aliyejua ni nini. Nikamwambia mzee. Akafurahi, akaniomba niwasimulie watu wote waliokuwepo, basi nikasimulia.

Na hapo ndio mwanangu akapata ujasiri. Mimi nauza barafu za ubuyu na za maembe nyumbani, na sheria yangu ni juisi ikichemshwa lazima ipoe ndio iingie friza. Akamuuliza mzee, babu, eti ni lazima ipoe? Ya moto si ndio inachelewa kuganda? Nilitaka kumnyamazisha maana foleni ilikuwa ndefu. Mzee akavuta kigoda akakaa.

Akasema swali hilo liliulizwa na mwanafunzi wa hapahapa kwetu. Erasto Mpemba, mwaka 1963, yuko form three shule ya Magamba, wanafunzi wanatengeneza aiskrimu, maziwa yanachemshwa na sukari, yanaachwa yapoe, yanaingia friza. Siku hiyo nafasi za friza zinaisha, yeye akaona atakosa, akaweka yake ya motomoto. Kurudi, yake imeganda na ya mwenzake ambaye hakuchemsha kabisa bado. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa umechanganyikiwa. Akaendelea kuuliza mpaka alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba sio fizikia ya dunia, darasa likacheka, na utani huo ukamfuata kila akikosea kitu. Siku moja akaja pale Mkwawa Dk. Denis Osborne, aliyekuwa anafundisha fizikia chuo kikuu Dar es Salaam, Mpemba akanyoosha mkono mbele ya wote akauliza tena, wenzake wakaona anaaibisha shule. Osborne hakucheka. Alisema atajaribu, akarudi Dar, akaagiza jaribio lifanywe, na mwaka 1969 wakaandika pamoja majina mawili, Mpemba na Osborne, kwenye jarida la Physics Education. Ndio maana hata huko Ulaya na Marekani wanaita athari ya Mpemba.

Mwanangu akauliza kwahiyo ya moto inawahi? Mzee akasema wanasayansi bado wanabishana mpaka leo, wapo waliorudia wakaona na wapo waliorudia wasione, hata mahali ulipoweka kipimajoto ndani ya chombo panaweza kubadilisha jibu, nenda kajaribu kwa mama yako uniletee majibu. Akamwandikia kwenye karatasi, vyombo viwili vinavyofanana, maji kiasi kilekile, friza moja, andika muda. Nilipata shida kidogo kooni pale, sio siri. Nilifikiria maswali niliyoyameza mimi darasani.

Mengineyo ya kujua kabla hujaenda. Chakula kipo nyuma ya ukumbi, mama lishe wa kawaida, wali maharage bei ya mtaani tu na ni mtamu, maji ya kunywa bebeni maana foleni yake kubwa. Vyoo vya chini vilikuwa havina maji kuanzia mchana, pandeni ghorofa ya kwanza. Kofia kwa watoto. Ukifika usikimbilie ukumbini, anza na miti, mabanda yote ya chini ya miti yalikuwa mazuri, ukumbini uende mwishoni kama muda umebaki. Na mtoto umwambie toka nyumbani abebe swali moja.

Nawapa nyota nne. Ya tano nitaitoa wakihamisha hotuba na wakiweka mabango ya Kiswahili. Yule dada wa mbu na yule mzee wa makopo wao wana zao tano pembeni.

Nyumbani friza langu tangu Jumapili limepangwa upya, barafu za biashara kushoto, kulia vikombe viwili vya maabara. Jaribio la kwanza ya baridi imeganda kwanza. La pili walichelewa kufungua wakakuta vyote vimeganda, wakaandika hivyohivyo kwenye daftari, hatukuona. La tatu wameliweka leo jioni, kikombe kimoja maji ya nyuzi thelathini na tano, kingine ya nyuzi mia, kama kwenye swali la Mpemba, kipimajoto tumeazima kwa mpwa wangu shuleni kwao, na zamu ya kufungua mlango kila dakika kumi na tano ni ya mdogo.